Ukitaka Mdomo, Funga Mdomo

Wiki jana tulikuwa ushago kwa matanga. Baada ya chakula, anko wangu mmoja akanishika bega mbele ya wageni wake akasema, "Huyu ndiye alikuwa asomee uinjinia. Siku hizi anashona bampa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu huwezi kuanzisha vita ya bampa kwa matanga ya mtu. Lakini nimerudi Nairobi na maneno yale bado yananiwasha, kwa hivyo leo nayatoa yote. Nitaanza na anko. Halafu nitawageukia nyinyi mnaonishangilia hapa kila siku, kwa sababu, enyewe, kosa letu sisi ni kubwa kuliko la anko.

Kama wewe ni mgeni hapa, kazi yangu ni hii. Nanunua vipande vya magari yaliyogongwa yakashindikana kutengenezwa, navipima, navikata, navifunga kwa magari mengine, na narekodi kila kitu. Kipande kinachopendwa kuliko vyote ni mdomo, ule ukingo wa plastiki unaokaa chini ya bampa ya mbele na kufanya gari ionekane imeinama kidogo kama mtu anayetaka kukimbia. Vijana wanaupenda. Wazazi wanauona upuuzi. Polisi wanauona mwaliko wa mazungumzo.

Sasa, anko. Nakuheshimu, na karo ya muhula wangu wa kwanza ulichangia, sijasahau. Lakini ile gari uliyokuja nayo matanga ilikuwa na mwenyewe Japani kabla yako. Alikaa nayo miaka karibu saba, akaichoka, ikauzwa mnadani, ikapakiwa melini, ikashuka Mombasa kabla haijapita ile miaka minane ambayo sheria yetu inaruhusu. Ulipoinunua redio yake ilikuwa inaongea Kijapani, nakumbuka tulivyocheka. Yaani gari nzima ni mtumba. Kiti ni mtumba, injini ni mtumba, hata vumbi lililo chini ya zulia lilitoka huko. Lakini mimi nikitoa kipande kimoja kwa gari iliyokufa nikakitia kwa gari inayoishi, hiyo ndiyo aibu? Kwa nini mtumba ukipitia bandarini ni maendeleo, na ukipitia mikononi mwangu ni umaskini?

Wacha niseme ukweli kuhusu chuo pia, kwa sababu kuna watu hapa wananiletea ile hadithi ya kijana aliyeacha masomo akawa tajiri. Mimi sikuacha chuo kwa sababu nilikuwa mwerevu kuliko walimu. Karo iliisha. Nilimaliza mwaka wa kwanza, nikaanza wa pili, nikafungiwa mtihani, nikarudi nyumbani na begi. Sijivunii, na sitakuambia uache shule. Ninachokataa ni hii imani kwamba siku niliyotoka geti la chuo, akili yangu ilibaki kwa mlinzi.

Na hii nchi imekuwa na huo ugonjwa kitambo. Mwaka 1986 Rais Moi alikiambia Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari. Wakatengeneza. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa watu, gari inayotembea kweli. Haikuwahi kuingia sokoni. Mpaka leo watu wakiitaja wanaitaja kama mzaha. Sisi ni watu wa kucheka kitu kilichotengenezwa hapa, halafu tunakimbia kuweka oda ya kitu kilekile kutoka nje. Anko alipocheka bampa yangu hakuanza yeye. Alirithi.

Hapo nimemaliza na anko. Mnaweza kupiga makofi, lakini msikae chini, kwa sababu zamu yenu imefika.

Wengi wenu mlinijua kwa ile video ya kwanza. Vitz nyeupe ya mathe, ile anayosambazia mayai, na mdomo mweusi uliotoka kwa Impreza iliyogongwa ubavuni. Niliununua kwa shilingi 1,500. Dukani nilikuwa nimetajiwa 18,000 kwa mdomo mpya. Video ilikuwa ya sekunde 50. Naushika mdomo, nauweka, muziki unalia, gari inatoka kwa geti ikiwa imenuna vizuri. Ilitazamwa zaidi ya mara elfu themanini. Mkaniita fundi. Mkaniuliza nimefungaje, nikawajibu kwa majigambo, "Skrubu nne na zile kamba za plastiki za kufungia nyaya. Dakika ishirini, kazi imeisha." Na nikaona picha mkinitumia. Demio, Fielder, Note, zote zimevaa midomo, zote zimefungwa kwa kamba za plastiki. Nilijiona nabii.

Ambacho sikuwaambia ni kilichotokea siku ya kumi na nne.

Nilikuwa Eastern Bypass, asubuhi, naenda kama 90. Nilisikia mlio kama mtu anachana gunia. Mdomo ulichomoka upande wa kushoto kwanza, ukapigwa na upepo ukajikunja chini ya gari, halafu ukatoka nyuma. Kwenye kioo niliuona ukiruka. Nyuma yangu kulikuwa na boda. Yule mzee aliukwepa, akatoka lami, akaingia kwa changarawe, akaanguka.

Nilisimama. Nilikimbia kwa miguu iliyokuwa inatetemeka. Alikuwa amekaa chini, kiwiko kimechubuka, indiketa ya pikipiki imevunjika. Hakuwa na abiria. Dakika kumi kabla ya hapo, aliniambia, alikuwa amembeba mama na mtoto mgongoni.

Nilianza kujieleza. Mzee samahani, mzee sikujua, mzee nilikuwa nimefunga vizuri. Aliniangalia, akaangalia kile kipande cha plastiki kilichokuwa barabarani, akaniangalia tena. Akasema, "Kijana, ukitaka mdomo, funga mdomo."

Nilinyamaza. Mpaka leo sijui kama alimaanisha ule wa gari au huu wangu. Nadhani alimaanisha yote miwili.

Nilimlipa indiketa, dawa, na siku mbili za kazi. Halafu nikarudi nyumbani nikafanya jambo ambalo linaniaibisha kuliko ajali yenyewe. Sikusema chochote hapa. Video ilikuwa bado inapanda. Kila siku watu wapya wanaitazama, wananunua kamba za plastiki, wanaingia barabarani. Miezi minne nilikaa kimya nikihesabu watazamaji. Ndiyo maana nasema kosa letu ni kubwa kuliko la anko. Anko anadharau kazi ya mikono kwa maneno. Sisi tunaidharau kwa vitendo. Tunaifanya vibaya, tunairekodi vizuri, halafu tunaita hiyo ujuzi.

Baada ya ile ajali nilienda kwa fundi mmoja wa bodi pale Kariobangi Light Industries. Ni mtu mzima, amefanya kazi ya plastiki na bati kabla mimi sijazaliwa. Shule aliachia msingi. Nilimpelekea ule mdomo ukiwa vipande viwili. Hakuuliza nataka muundo gani. Aliugeuza, akasema, "Soma mgongo wake, kijana. Macho yangu yamechoka."

Nyuma ya plastiki kulikuwa na herufi ndogo zimechapwa: PP+EPDM. Nikazisoma. Akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikamwambia ni polipropilini imechanganywa na mpira. Hiyo nilifundishwa mwaka wa kwanza, niliandika kwa mtihani nikapita. Akatikisa kichwa. "Sawa. Kwa hivyo itayeyuka, itaungika, na gundi ya kawaida haitaishika." Yeye alijua tabia yake bila kujua jina. Mimi nilijua jina bila kujua tabia. Tulikaa pale wawili, kila mtu na nusu yake ya elimu, na kazi ikafanyika.

Kwa hivyo hii ndiyo ile video niliyopaswa kuwapa tangu mwanzo, na nitaisema polepole.

Kwanza, soma mgongo. Kama kipande ni PP, unaweza kukipasha moto ukakipinda, na ukikivunja unaweza kukiunga kwa kukiyeyusha pamoja na plastiki ya aina hiyohiyo. Usichukue plastiki ya mtungi wa maji ukaijaza kwenye ufa. Mitungi mingi ni aina nyingine ya plastiki, itakaa kama imeshika halafu itabanduka. Kata ukanda kutoka kwa bampa iliyokufa yenye maandishi yaleyale. Kama kipande ni faibaglasi, sahau kukipinda kwa moto. Hakilainiki, kinapasuka. Hicho kinatakiwa kukatwa na kujengwa upya kwa kitambaa chake na rezini. Watu wengi wanaharibu kazi hapa, dakika ya kwanza, kwa sababu hawakugeuza kipande wakasoma.

Pili, pima. Vitz ina upana wa milimita 1,695. Ile Impreza iliyotoa mdomo ina 1,740. Tofauti ni milimita 45. Mara ya kwanza nilimaliza hiyo tofauti kwa kusukuma na kuvuta mpaka ikaonekana imekaa. Kumbe nilikuwa nimeacha plastiki imejikaza kama upinde, inasubiri siku ya kujiachilia. Fundi aliukata katikati, akatoa ukanda, akaunganisha nusu mbili kutoka nyuma, akazamisha vipande vya waya kwenye maungio vikiwa vya moto ili vishike kama nondo kwenye zege. Pande zote mbili zikakaa zenyewe, bila kusukumwa. Jaribio lake ni rahisi: weka mdomo mahali pake bila skrubu hata moja, uushikilie kwa vidole viwili. Kama unahitaji goti ili ufike, haujafika.

Tatu, moto. PP inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na mashine ya kupuliza hewa moto inapita 300 bila shida. Ukikaa sehemu moja unapata shimo. Unapita kama unapiga pasi shati la mtu mwingine, kwa uoga, na ukishapinda unashikilia mpaka ipoe. Ukiachilia mapema inarudi ilikotoka.

Nne, na hapa ndipo yule mzee alianguka, ni namna ya kufunga. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kamba iliyoshika vizuri ukienda 45 mtaani inabeba mzigo mwingine kabisa ukiwa 90 kwa bypass. Na ile plastiki ya kamba inachoka kwa jua na mtikisiko, halafu inakatika bila kukupigia simu. Siku hizi mdomo wa Vitz una boliti saba chini, kila moja na washa pana pande zote mbili ili isipasue plastiki, na kila mwisho wa mdomo umeshikwa kwenye ule ukingo wa ndani karibu na tairi. Mashimo hayakutobolewa mviringo kamili, yamerefushwa kidogo, kwa sababu jua likiwaka plastiki inarefuka, na kama mdomo ni faibaglasi na bampa ni PP haziwezi kurefuka sawa. Tepu ya pande mbili iko, lakini kazi yake ni kuzuia kelele. Usiache tepu ibebe mzigo. Na kuna waya mbili fupi nyuma yake. Mdomo ukigonga kitu ukakatika, utaning'inia, hautaruka. Ziwe fupi kiasi kwamba hauwezi kufika kwenye tairi.

Tano, acha gari ipumue. Ule upenyo wa chini wa bampa ndio unapeleka hewa kwa rejeta. Nimeona kijana ameuziba wote ili mdomo uonekane mnene. Vitz yetu haina hata mshale wa joto, ina taa tu. Taa nyekundu ikiwaka ujue umechelewa.

Sita, matuta. Kabla ya mdomo nilikuwa na sentimita 17 kutoka chini ya bampa hadi ardhini. Baada yake nilibaki na 12. Tuta la kwetu mtaani lilijengwa na wakazi wenyewe, halijui vipimo vya serikali, na lilikula. Tukapunguza kina cha mdomo mpaka mathe akaweza kupita na trei thelathini za mayai bila kusikia mlio. Gari ni ya mayai kabla haijawa ya picha.

Baada ya hapo ndipo rangi. Na hata rangi ina adabu yake: PP haishiki rangi hivihivi, inataka kuoshwa kwa sabuni, kupigwa msasa, kupewa praima ya plastiki, ndipo upulize. Ukiruka hatua moja, mvua ya kwanza inaivua kama ganda la ndizi.

Kazi yote ilichukua siku mbili na nusu. Mnanielewa? Mara ya kwanza dakika ishirini, mara ya pili siku mbili na nusu, na kwa picha zinafanana kabisa. Ndiyo shida ya hii kazi yetu ya mtandao. Kamera haioni boliti. Inaona mdomo.

Kuna jambo lingine ambalo kamera haioni, nalo ni kipande kilitoka wapi. Tusijifanye wageni. Kila mwenye gari Nairobi anajua ule utani wa mtu aliyeibiwa kioo cha pembeni usiku, asubuhi akaenda kutafuta kingine, akauziwa kilekile chake. Ndiyo maana watu wanachora namba ya gari kwenye vioo na kupiga riveti kwenye taa. Sasa wewe unaniandikia eti umepata mdomo wa Subaru "kwa msee fulani" kwa shilingi 500, jioni, nyuma ya kibanda, bado una skrubu zake safi. Kaka, huo haukuokolewa. Huo umeporwa, na mwenyewe yuko mahali anapiga simu kwa bima. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kukupa hadi miaka kumi na minne kwa kushughulikia mali ya wizi, na sharti lake ni kwamba ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua. Shilingi 500 usiku ni sababu ya kujua.

Mimi nanunua kwa mtu mwenye gari yenyewe uani. Naiona imelala pale, naona ilipogongwa, naona mashimo mdomo ulipotoka. Nachukua risiti yenye jina lake na namba ya kitambulisho. Akikataa kuandika, naenda zangu. Nimepoteza vipande vizuri kwa sababu hiyo, na usingizi wangu uko sawa. Huwezi kumwambia anko kwamba mtumba wako una heshima halafu hujui ulitoka kwa nani.

Najua mtasema nini. Kuna wale watasema, "Nunua mpya, acha mambo mengi." Sawa, kama una 18,000 za mdomo, nunua, sina ubaya. Lakini mdomo mpya uliotengenezwa kwa gari nyingine au kwa kukadiria bado utataka kupimwa, na ukiufunga kwa kamba za plastiki utaruka vilevile. Upya wa kitu haumsaidii aliye nyuma yako. Tena kile kipande cha zamani, kama kilitoka kiwandani na gari, kimeshakaa barabarani miaka na kimethibitisha kwamba plastiki yake ni nzuri. Tunaokoa kitu ambacho kingechomwa na moshi wake tungeuvuta sisi.

Wengine watasema mdomo hauna kazi yoyote, ni urembo tu. Karibu wako sahihi. Kazi yake ya asili ni kupunguza hewa inayoingia chini ya gari ili pua isinyanyuke kwenye kasi, na magari ya mbio yanauhitaji. Vitz ya mayai haiuhitaji. Mimi siwadanganyi eti mathe sasa anashika kona vizuri. Lakini nani alisema urembo ni dhambi? Tangu lini mtu wa mapato madogo anaruhusiwa kuwa na vitu vya lazima tu? Hii ni nchi ambayo matatu inachorwa kutoka bonde hadi paa na watu wanaacha iliyo wazi wakisubiri iliyochorwa. Safari Rally ikipita Naivasha tunajaa barabarani kuona magari yaliyojaa matope yakiwa mazuri. Urembo ni haki. Sharti lake moja tu: usimwangukie mtu.

Na wengine watasema, "Kama ni hatari hivyo, serikali ipige marufuku tu." Hapana. Ukipiga marufuku, yule fundi wa Kariobangi anafunga, na yule wa kamba za plastiki anaendelea usiku. Kinachotakiwa ni sisi wenyewe tuwe na kiwango kabla hatujalazimishwa. Madaktari wana kiwango. Marubani wana kiwango. Wanaofunga plastiki mbele ya kitu kinachokimbia kilomita 100 kwa saa, na wao wawe nacho.

Kiwango changu ni hiki, na mnishike nacho. Sitaweka video ya kipande chochote kabla hakijamaliza kilomita 1,000. Nitaonyesha upande wa nyuma kabla ya upande wa mbele. Nitaonyesha risiti, nikiwa nimefunika jina na namba ya muuzaji. Baada ya kilomita mia za kwanza naingia chini ya gari na spana, nakaza kila boliti upya, na hiyo pia nitairekodi, hata kama haina muziki. Mdomo wa Vitz sasa una miezi mitatu. Umepita Thika Road, umepita changarawe ya ushago, umepita ile mvua ya juzi iliyogeuza barabara kuwa mto. Haujacheza.

Ile video ya sekunde 50 nimeiondoa leo asubuhi. Najua ndiyo iliyoleta nusu yenu hapa, na najua wengine mtaondoka. Mahali pake nimeweka nyingine ndefu, inaanza na picha ya kiwiko kilichochubuka. Mwenyewe alinipa ruhusa, bora nisionyeshe uso. Nilipompigia simu kumwomba alicheka, akaniuliza, "Umefunga?" Nikamwambia, "Nimefunga, mzee." Akasema atakuja kuuvuta mwenyewe aone.

Anko, ukisoma hii, siku ukikwaruza ile bampa yako kwa ukuta wa benki, niletee. Nitaishona, na hutaona uzi.

Na wewe uliyeifuata video yangu ya kwanza, nakuomba radhi, na nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea na siku yako. Weka simu chini. Toka nje. Piga magoti mbele ya gari yako, ushike ule mdomo kwa mikono miwili, uuvute kama unayemchukia aliyeufunga. Ukicheza hata kidogo, usiingie barabarani leo. Funga mdomo.